Ibn Battuta, Msafiri na Ndege Rukh

Mpenzi msomaji wa jarida letu la Chama cha Kiswahili, kabla sijaanza nakuuliza swali moja tu. Mtu akija kwenu akasema alimwona ndege mkubwa kama mlima, utamwamini? Najua wengi wenu mtaangua kicheko. Lakini ngoja kwanza. Kuna mnyama mwenye shingo ndefu kama ya ngamia, kwato kama za ng'ombe na madoa kama ya chui. Huyo naye utamkataa? Kumbe ni twiga, ambaye sisi wa Isinya tunamkuta akila majani ya migunga na wala hatusimami kumtazama! Waajemi wa kale walimpa twiga jina lenye maana ya ngamia, ng'ombe na chui kwa pamoja, na wako walioamini kwamba huzaliwa na wanyama wa aina mbalimbali. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, na watu wa huko wakamchukua kuwa ni qilin, mnyama wa heri anayetajwa katika hekaya zao. Basi ajabu ya huyu ni jirani ya yule.

Ndiyo sababu nimeona niandike juu ya maisha ya Ibn Battuta. Katika vitabu vyetu vya Historia jina lake hupita mbio kama matatu ya Namanga. Tunaambiwa alifika pwani ya Afrika Mashariki, kisha tunafungua ukurasa mwingine. Mimi nilitaka kujua zaidi. Alikuwa nani? Aliona nini? Na kwa nini watu wa kwao wenyewe walimwita mwongo?

Ibn Battuta alizaliwa tarehe 24 Februari 1304 katika mji wa Tangier, nchini Moroko. Jina lake alikuwa Muhammad. Wengi humwita Mwarabu, lakini ukoo wake ulikuwa wa Waberberi wa kabila la Lawata. Jamaa zake walikuwa makadhi, na yeye pia alisomea sheria ya Kiislamu. Elimu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa nauli yake, kwa sababu kila mji wa Waislamu ulihitaji mtu wa kuamua kesi.

Tarehe 14 Juni 1325 aliondoka kwao kwenda kuhiji Maka. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Baba na mama walikuwa hai, na kuagana nao kulimwia vigumu sana. Nia yake ilikuwa kuhiji, lakini alikuja kuiona tena nchi yake baada ya miaka 24. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa msafiri ni aliye bandarini.

Mwaka 1326 alifika Misri. Huko alimtembelea sheikh mmoja mcha Mungu aliyeitwa al-Murshidi. Kwa kuwa joto lilikuwa kali, alipewa nafasi ya kulala juu ya dari. Usiku huo akaota ndoto. Aliota amekaa juu ya bawa la ndege mkubwa mno. Ndege huyo akaruka naye kuelekea kibla, kisha Yemeni, kisha mashariki, kisha kusini, halafu akaenda naye mbali kabisa upande wa mashariki na kumtua katika nchi ya kijani iliyoiva, akamwacha hapo. Asubuhi sheikh alimfasiria kwamba atahiji, atapita Yemeni, Iraki na nchi za Waturuki, na atakaa India muda mrefu. Akamwambia pia kwamba huko India atapatwa na shida kubwa, na mtu anayeitwa Dilshad atamwokoa. Msomaji, lishike jina hilo, tutalikuta mbele.

Ndege wakubwa wa namna hiyo hawakuwa wageni kwa watu wa zama zile. Waajemi walikuwa na Simurgh. Mshairi Firdausi, aliyemaliza utenzi wake mkuu wa wafalme mwaka 1010, alisimulia habari za mtoto Zal aliyezaliwa na nywele nyeupe. Baba yake aliona haya, akamtupa mlimani. Simurgh akamwokota, akamlea pamoja na makinda yake. Zal alipokuwa mkubwa na kurudi kwa watu, Simurgh alimpa unyoya wake ili auchome siku ya dhiki, naye angekuja. Waarabu walikuwa na ndege wao aitwaye Anqa. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na Rukh, ambaye walisema hubeba tembo kwa kucha zake. Bila shaka wengi wenu mmemsoma Rukh katika safari za Sindbadi Baharia. Mtaalamu mmoja wa Kiajemi, al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1283, aliandika kitabu kizima juu ya maajabu ya viumbe, na humo wanyama wa kweli na wa hekaya wamepangwa pamoja kama abiria wa gari moja.

Basi Ibn Battuta alihiji, kisha akaenda Uajemi. Mwaka 1327 alifika Isfahan na Shiraz, ambako alizuru kaburi la mshairi Saadi. Alirudi tena Maka, akashuka Yemeni, na kutoka Aden akapanda jahazi kuja upande wetu. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 1331. Alifika Zeila, akaukimbia mji huo kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni. Bahari ilikuwa imechafuka, lakini aliona ni heri alale chomboni kuliko kulala mjini! Kisha akafika Mogadishu, alikokirimiwa na sultani wali, nyama, ndizi na maembe ya achari.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini katika usiku huo mmoja aliona mengi. Alieleza kwamba watu wake walikuwa waaminifu na wacha Mungu, misikiti yao ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi, na penye milango ya misikiti palikuwa na visima ambapo kila mtu aliosha miguu kabla ya kuingia. Nafaka haikulimwa kisiwani, ililetwa kutoka nchi ya Sawahili. Neno hilo ndilo linalobebwa na lugha tunayoitukuza katika chama chetu, na yeye ni kati ya watu wa kale walioliandika.

Kutoka Mombasa alikwenda Kilwa, mji ambao aliuhesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Mapokeo ya Kilwa husema kwamba usultani wake ulianzishwa na Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz. Wakati wa Ibn Battuta aliyetawala alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya baba wa zawadi. Siku moja maskini mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha sultani njiani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Hakukiri hivi hivi tu kwa maneno, alitoa. Lakini tusifiche ukweli. Mwana wa sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa yule maskini watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu huo ulilipwa kwa watu, na hao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Baada ya hapo jamaa huyu alizunguka Uturuki na nchi za Asia ya Kati, na tarehe 12 Septemba 1333 akaufikia mto Indus. Kando ya mto huo, katika msitu wa matete, alimwona mnyama ambaye Waajemi humwita karkadan. Vitabu vya maajabu vilisema mnyama huyo humchoma tembo kwa pembe yake na kumwinua juu. Ibn Battuta aliandika alichoona: mnyama mweusi, mwili mkubwa, mdogo kuliko tembo lakini kichwa chake ni kikubwa ajabu. Msomaji, huyo ni kifaru! Wa India ana pembe moja na wetu ana mbili, lakini ni ndugu. Sisi huku hatuhitaji kitabu cha maajabu. Ukivuka mto kutoka Kitengela umeingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na vifaru wamo humo.

Katika mji wa Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi. Sultani huyo alikuwa mtu wa kuogopwa, mkono mmoja unagawa dhahabu na mwingine unaua. Baada ya miaka kama minane hivi, alimtuma Ibn Battuta awe balozi wake China. Hapo ndipo shida ilipomkuta. Karibu na mji wa Koil alitekwa na waasi, akaponea chupuchupu, akatangatanga porini siku kadhaa akila majani. Nguvu zilipomwishia, akatokea mtu mmoja mweusi mwenye kibuyu cha maji na fimbo. Akamnywesha, akamlisha, akajitambulisha kwa Kiarabu kwamba yeye ni Moyo Wenye Furaha, kisha akambeba mabegani. Ibn Battuta akalala huko huko mabegani. Alipozinduka alikuwa ameshushwa kijijini, na yule mtu hayupo. Baadaye ndipo akakumbuka kwamba kwa Kiajemi, moyo wenye furaha ni Dilshad. Mimi niliposoma hapo, mwili ulinisisimka.

Safari ya ubalozi iliharibika kabisa. Mwaka 1342 dhoruba ilivunja vyombo vyao kwenye pwani ya Calicut, zawadi za mfalme zikazama na watu wakafa. Akaogopa kurudi Delhi. Akaenda visiwa vya Maldivi, akawa kadhi huko. Wenyeji walimsimulia kwamba zamani, kila mwezi, ifriti alitokea baharini akionekana kama merikebu iliyojaa taa. Watu walipiga kura, na msichana aliyeangukiwa na kura alipelekwa usiku kwenye nyumba ya sanamu ufukoni. Asubuhi walimkuta amekufa. Ndipo akaja mgeni kutoka Maghribi, Abu al-Barakat, akajitolea kwenda badala ya binti wa mama mmoja mzee. Akakaa usiku kucha akisoma Kurani, na ifriti akarudi alikotoka. Wenyeji wa Maldivi wana masimulizi mengine yanayosema mgeni huyo alitoka Tabriz, huko Uajemi. Yote mawili yanakubaliana kwamba mfalme wao alisilimu, na mwaka unaotajwa ni 1153.

Hatimaye alifika China, yapata mwaka 1346. Kurudi, jahazi lilipotezwa na upepo. Kwa siku kumi hawakuliona jua. Halafu alfajiri moja wakauona mlima mbele yao, mahali ambapo mabaharia walijua hakuna nchi kavu. Upepo ulikuwa ukiwasukuma kuuelekea. Watu wakaanza kulia, kutubu na kuweka nadhiri. Jua lilipopanda, mlima ule ukainuka angani, na mwanga ukaonekana kati yake na bahari. Mabaharia wakaagana, wakisema huyo ni Rukh na akiwaona wamekwisha. Mungu akawageuzia upepo, wakaenda upande mwingine. Ibn Battuta alimaliza habari hiyo kwa kusema kwamba hawakumwona wala hawakulijua umbo lake hasa. Angalia hapo. Hakuapa kwamba alimwona Rukh. Alieleza aliona nini, na mabaharia walisema ni nini.

Sasa je, kulikuwa na kitu gani pale? Wataalamu wengine hudhani yalikuwa mazigazi, yaani macho kudanganywa na hewa. Jambo hilo tunalijua. Mchana wa jua kali, lami ya barabara ya Namanga hung'aa kama maji, na ng'ombe walio mbali huonekana wakielea. Kuhusu Rukh mwenyewe, kisiwani Madagaska palikuwa na ndege wa kweli mwenye kimo cha mita 3, ambaye yai lake liliweza kujaa mayai saba hivi ya mbuni. Alitoweka yapata miaka 1,000 iliyopita. Hakuweza kuruka, wala hakubeba tembo. Lakini baharia akiokota yai kama lile ufukoni, unadhani atamchora mama yake awe mdogo?

Ibn Battuta alirudi nyumbani wakati mbaya. Mwaka 1348 tauni iliyoua watu wasiohesabika ilimkuta Shamu. Mjini Damasko aliambiwa kwamba baba yake alikufa miaka 15 iliyopita. Mwaka 1349 alikaribia Tangier, na kabla hajafika akapata habari kwamba mama yake naye amefariki kwa tauni hiyo, miezi michache tu nyuma. Safari zote zile, na wa kumsimulia hayupo. Mimi naona hili ndilo jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika maisha yake.

Hata hivyo hakutulia. Alikwenda Andalusia, na mwaka 1352 akavuka jangwa la Sahara hadi Mali. Kwenye mto Niger aliona wanyama kumi na sita wenye miili mikubwa, akadhani ni tembo. Walikuwa viboko! Aliporudi Fez, Sultani Abu Inan aliamuru habari zake ziandikwe. Yeye akasimulia, na mwandishi Ibn Juzayy akaandika. Kazi ilimalizika mwezi Desemba 1355. Kwa jumla alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 100,000, karibu miaka 30. Baadaye alifanywa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, na akafariki yapata mwaka 1369.

Je, walimwamini? Mwanahistoria Ibn Khaldun ameeleza kwamba watu wa Fez walinong'onezana kuwa huyu mzee ni mwongo. Na sikiliza walichokataa. Si Rukh aliyewatia shaka zaidi, bali habari za mfalme wa India na mali aliyowarushia watu kutoka juu ya tembo. Rukh walikuwa wamemsikia tangu utotoni, lakini mfalme kama yule hawajamsikia. Ibn Khaldun naye alikuwa na shaka, akamwendea waziri Faris bin Wadrar. Waziri akampa mfano wa mtoto aliyekulia gerezani pamoja na baba yake. Walipofunguliwa, baba alimweleza kondoo ni mnyama gani, na mtoto akauliza kama anafanana na panya. Panya ndiye mnyama pekee aliyemjua.

Mimi sisemi kila neno la Ibn Battuta ni kweli. Wachunguzi wameonyesha kwamba baadhi ya kurasa zinazoeleza Maka na Damasko zilichukuliwa kutoka kitabu cha msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr, na safari yake ya mji wa Bulghar wengi hawaikubali. Lakini ukimsoma kwa makini utaona mahali anaposema nimeona, na mahali anaposema nimeambiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Kijana wa leo hupokea habari kwenye simu, akaituma kwa watu hamsini kabla hajauliza nani aliona.

Huku kwetu Umaasaini wazee wanasimulia habari za dubwana ambalo nusu ni mtu na nusu ni jiwe, linaloishi msituni na kula watu. Nilipomuuliza koko, yaani nyanya yangu, kama aliliona, alinijibu kwamba yeye alisimuliwa na mama yake, na mama yake naye alisimuliwa. Hakujifanya shahidi. Lakini habari zile zilimzuia mtoto kuzurura msituni peke yake na mbuzi. Rafiki zangu wengine huzicheka hadithi hizo, eti za ushamba, halafu jioni wanakaa mbele ya runinga wakitazama mazimwi ya Wazungu!

Mombasa ya mwaka 1331 tunaijua kidogo kwa sababu mgeni mmoja alilala usiku mmoja, akakumbuka, na akapatikana mtu wa kuandika. Uwanda wetu wa Isinya mwaka huo haukutembelewa na mwandishi yeyote. Watu waliokuwepo waliona mengi, na yote yamekwenda nao kaburini. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, likizo hii chukua daftari na kalamu, ukae na mzee mmoja wa kwenu. Muulize alichokiona, muulize alichoambiwa na nani, na uyaandike yote mawili kila moja mahali pake. Usimcheke. Na usingoje sana, kwa maana Ibn Battuta alichelewa miezi michache tu kumkuta mama yake.